George Eyser: Mhamiaji wa Mguu wa Mti Aliyepata Medali Sita kwa Siku Moja

Mtu tunayemsimulia leo hatajwi popote katika historia ya Rungwe. Hata hivyo enzi zake ni enzi tunazozifahamu. Anayepita Tukuyu huliona Boma la zamani lililojengwa na Wajerumani, na wazee wanajua kwamba katika siku hizo mji uliitwa Neu Langenburg. Mwaka 1891 Wamisionari wa Moravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walikuwa wamekwisha kufika chini ya Mlima Rungwe. Wakati huo Wajerumani walikuwa wakiondoka kwao kwa wingi. Wachache walikuja huku wakiwa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari. Wengi zaidi, tena bila kulinganisha, walipanda meli kuelekea magharibi kutafuta riziki Marekani. Miongoni mwa hao wa magharibi alikuwamo kijana mmoja aliyeitwa Georg Eyser.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika kijiji cha Danisch-Nienhof, karibu na mji wa Kiel, kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki. Kama angezaliwa miaka saba mapema, angezaliwa chini ya mfalme wa Denmark, kwa maana sehemu zile zilitawaliwa na Denmark hadi vita vya mwaka 1864. Baadaye Prussia ikazimeza. Dola ya Ujerumani yenyewe ilitangazwa Januari 1871, mtoto akiwa na miezi minne na kitu. Tunayataja haya kwa sababu watu hupenda kusema kwamba nchi ya mtu ni ile aliyozaliwa, kana kwamba nchi haibadiliki. Kwa watu wa Kiel ilikuwa imebadilika mara mbili ndani ya muda ambao mtoto anatoka darasa la kwanza hadi la saba.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 alihamia Marekani. Yaani ni kati ya Agosti 1884 na Agosti 1885, miezi ileile ambayo Carl Peters alikuwa Usagara akiwawekea machifu mikataba wasiyoweza kuisoma, na Berlin ikampa hati ya kuitawala nchi hiyo. Mjerumani mmoja alikuwa akitafuta makoloni, na mtoto wa Kijerumani alikuwa baharini akienda kuwa mgeni kwa watu.

Katika miaka ya 1880 zaidi ya Wajerumani milioni moja walihamia Marekani. Sababu zao hazina maajabu kwa msomaji wa Rungwe. Ardhi ilikuwa haitoshi kwa watoto wote wa nyumba moja. Ngano ya bei rahisi kutoka ng'ambo ilikuwa imeshusha bei ya mazao yao. Vijana walikuwa wanakwepa kuingizwa jeshini. Meli za moshi zilikuwa zimefanya safari kuwa fupi na nauli kuwa ya kawaida. Na sisi kwetu, babu zetu wa Kinyakyusa walishuka Chunya kuchimba dhahabu ya Lupa, wakaenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wakafika hadi Afrika Kusini. Baadhi walirudi na baiskeli na mablanketi. Baadhi hawakurudi, wakaoa huko, na leo wajukuu wao wanaimba wimbo wa taifa mwingine. Si wasaliti.

Huko Marekani Georg akawa George. Aliishi Denver, katika jimbo la Colorado, na ni katika mji huo alipopewa uraia mwaka 1894. Tusipite haraka hapa. Sheria ya Marekani ilimtaka anayeomba uraia aape kuukana utii kwa mtawala wake wa zamani, na kwa Mjerumani mtawala huyo alikuwa Kaiser Wilhelm II. Mtu mzima anasimama mbele ya hakimu na kutamka kwamba yule aliyekuwa mfalme wa baba yake si mfalme wake tena. Ni tendo la dakika chache, lakini halirudishwi kwa urahisi, nayo mengi yaliyofuata katika maisha ya Eyser yanasimama juu yake.

Baadaye alihamia St. Louis, jimbo la Missouri, akafanya kazi ya kutunza vitabu vya hesabu katika kampuni ya ujenzi. Alikuwa karani wa tarakimu, mtu wa kuketi mezani na kuhakikisha kwamba safu ya kulia inalingana na safu ya kushoto. Kazi hiyo ilimfaa pia kwa sababu nyingine: mguu wake wa kushoto haukuwapo. Habari iliyobaki ni kwamba aliupoteza kwa kukanyagwa na treni. Mahali pake alivaa mguu wa mti.

Miguu ya namna hiyo haikuwa kitu kigeni Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilikuwa vimewaacha maelfu ya wanaume bila mikono au miguu, na mafundi wa viungo bandia walipata kazi nyingi. Mguu wa mti ulimwezesha mtu kutembea barabarani na kwenda kazini. Haukutengenezwa kwa ajili ya mtu anayekusudia kukimbia, kuruka juu ya farasi wa mbao na kutua amesimama wima. Nani angefikiri kwamba karani wa hesabu angeutaka kwa kazi hiyo?

Kwa nini aliutaka, jibu liko katika chama alichojiunga nacho. St. Louis ulikuwa mji wenye Wajerumani wengi sana, na kila walipokuwa wengi walianzisha Turnverein, yaani chama cha mazoezi ya viungo. Asili ya vyama hivyo ni mwalimu mmoja wa Prussia, Friedrich Ludwig Jahn, aliyefungua uwanja wa mazoezi nje ya Berlin mwaka 1811, nchi yao ikiwa imelemewa na majeshi ya Napoleon. Aliona kwamba taifa lililoshindwa linahitaji vijana wenye misuli na nidhamu. Vyombo vingi vinavyotumika katika jimnastiki hadi leo vilienea kupitia viwanja vyake: miti miwili iliyolala sambamba ambayo mtu hujiinua kati yake kwa mikono, upau wa juu wa kuning'inia na kuzunguka, farasi wa mbao wa kurukia. Watawala waliogopa. Prussia ilivipiga marufuku vyama hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, kwa maana vijana wanaofanya mazoezi pamoja jioni huanza pia kuzungumza siasa pamoja. Mapinduzi ya 1848 yaliposhindwa, wanachama wengi walikimbilia Marekani, na mwaka huohuo Turnverein ikaanzishwa Cincinnati. Ilipofika vita vya 1861, wanachama wa St. Louis walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kushika silaha upande wa serikali iliyopigana na majimbo ya watumwa.

Wasomaji wetu waseminari watapenda kujua pia kwamba vyama hivi na Kanisa havikuwa marafiki. Wengi wa waasisi wake Marekani walikuwa watu wa fikra huru, waliowaona mapadre kuwa sehemu ya ule utawala wa zamani walioukimbia. Mapadre nao waliwaonya waumini Wajerumani wasipeleke watoto wao huko. Ilichukua muda kabla Wakatoliki hawajaanzisha vyama vyao vya mazoezi, na mwaka 1908 Papa Pius X mwenyewe aliwapokea wanajimnastiki Wakatoliki wa nchi mbalimbali mle Vatikano. Je, Eyser alisali wapi siku ya Jumapili? Kumbukumbu za michezo hazijali mambo hayo, nasi hatutamsingizia.

Lakini kwa mhamiaji, Turnverein ilikuwa zaidi ya mazoezi. Ilikuwa jumba lenye ukumbi, maktaba, kwaya, meza za kunywea bia, na lugha ya nyumbani. Aliyefika bila ndugu alipata ndugu humo. Anayeijua mikusanyiko ya Wanyakyusa walioko Dar es Salaam, ambako mtu asiyemjua mtu huulizwa tu ametoka kijiji gani na kabla ya jioni ana pa kulala, ataelewa. Eyser alijiunga na chama cha Concordia cha St. Louis. Humo, inavyoonekana, hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba mwenye mguu mmoja mahali pake ni benchi la watazamaji. Ipo picha maarufu ya timu ya Concordia. Eyser amesimama katikati ya wenzake.

Mwaka 1904 St. Louis iliandaa maonyesho makubwa ya dunia, ya kuadhimisha miaka mia moja tangu Marekani iliponunua eneo la Louisiana kutoka kwa Wafaransa. Michezo ya tatu ya Olimpiki ikaunganishwa na maonyesho hayo, na matokeo yake yalikuwa vurugu. Mashindano yalitawanyika kwa miezi kadhaa. Wanamichezo wa Ulaya wengi hawakuja, kwa sababu safari ilikuwa ndefu na ya gharama. Hata Pierre de Coubertin, mwasisi wa Olimpiki za kisasa, hakufika. Katika mbio za marathoni mtu wa kwanza kuingia uwanjani aligundulika kuwa alipanda gari sehemu ya njia, na mshindi halali alifika akiwa hoi, amepewa na wasaidizi wake dawa yenye sumu kidogo ili asizimie. Hiyo ndiyo Olimpiki aliyoshiriki Eyser, na ni haki kusema mapema kwamba katika jimnastiki karibu washindani wote walitoka katika vyama vya Wajerumani wa Marekani. Hapakuwa na Wajapani, wala Warusi, wala Waitaliano. Ushindi wake upimwe kwa kipimo hicho, usikuzwe wala usidharauliwe.

Jimnastiki ilianza tarehe 1 na 2 Julai katika uwanja wa Francis Field, kwenye Chuo Kikuu cha Washington cha mji huo. Washiriki walikuwa zaidi ya mia moja. Kwa desturi ya Turnverein, mwanajimnastiki alitakiwa awe kamili katika kila kitu, kwa hiyo pamoja na vyombo waliongezewa mambo matatu ya riadha: kukimbia yadi mia, kuruka mbali, na kutupa tufe. Hapo mguu wa mti ulidai haki yake. Katika orodha ya mambo hayo matatu ya riadha Eyser alishika nafasi ya 118, nayo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Katika vyombo peke yake alikuwa wa 10. Walipojumlisha vyote akawa wa 71.

Tuitazame karatasi hiyo kama yeye mwenyewe, mtunza hesabu, alivyoweza kuitazama. Nafasi ya 10 inasema jambo moja, nafasi ya 118 inasema jingine, na jumla inayaficha yote mawili. Anayesoma jumla peke yake anaona mlemavu aliyejaribu bahati yake akashindwa, kama ilivyotarajiwa. Anayesoma safu moja moja anaona mtu aliye miongoni mwa mahodari kumi wa kazi ambayo mikono, mabega na tumbo ndivyo hubeba mwili. Wengi wetu, tukikutana na kijana aliyepoteza mguu kwa ajali ya bodaboda, huwa tunasoma jumla.

Mashindano ya chombo kimoja kimoja yalisubiri karibu miezi minne. Yalifanyika tarehe 29 Oktoba 1904, na safari hii hapakuwa na mbio wala tufe. Yote yalimalizika siku hiyo moja.

Kwenye miti sambamba Eyser alipata pointi 44, mbele ya Anton Heida aliyepata 43. Dhahabu. Kuruka juu ya farasi mrefu wa mbao alipata 36, sawasawa na Heida, na wote wawili wakapewa ushindi wa kwanza. Dhahabu ya pili. Hili la farasi ndilo linalostaajabisha kuliko yote, kwa maana mikono haitoshi: lazima ukimbie, ujirushe, upite juu ya farasi kwa urefu wake, kisha utue chini kwa miguu. Jinsi alivyoipanga hatua yake ya mwisho ili mguu mzima ndio umsukume juu, na jinsi alivyouzuia ule wa mti usimwangushe alipotua, ni elimu ambayo hakuna kocha angeweza kumfundisha, kwa sababu hakuna kocha aliyekuwa ameyapitia. Aliipata mwenyewe, usiku baada ya usiku, akitoka ofisini.

Dhahabu ya tatu ilikuwa ya kukwea kamba. Kamba ilikuwa ya futi 25, zaidi kidogo ya mita saba na nusu. Kila mtoto wa Rungwe aliyekwea mparachichi wa zamani anakijua kimo hicho na anajua mahali ambapo mikono huanza kutetemeka. Eyser alifika juu kwa sekunde 7.0. Charles Krause wa Chicago alimfuata kwa 7.2, na wa tatu, Emil Voigt, alitumia 9.8.

Farasi wa vishikio, ambao mtu huuzungusha mwili wote juu yake kwa mikono, ulimpa pointi 33 na medali ya fedha. Upau wa juu ulimpa 39, nyuma ya wawili waliofungana kwa 40, na medali ya shaba. Jumla ya vyombo vinne ikawa 152, nafasi ya pili, fedha nyingine. Anayependa hesabu na ajumlishe mwenyewe: 44, 36, 33 na 39. Safari hii jumla haikumficha.

Medali sita kwa siku moja: dhahabu tatu, fedha mbili, shaba moja. Mwaka ule ndipo kwa mara ya kwanza Olimpiki ilianza kutoa dhahabu, fedha na shaba kwa wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Aliyemshinda siku hiyo katika jumla, kwa pointi 161, alikuwa Anton Heida, mhamiaji mwenzake. Heida alizaliwa Prague, wakati huo ikiwa chini ya Austria-Hungaria, naye alishindana kwa jina la chama cha Philadelphia. Katika mashindano ya Julai mshindi wa jumla alikuwa Julius Lenhart, Mwaustria aliyekuja Philadelphia kufanya kazi na kufanya mazoezi na chama hichohicho. Lenhart hakuchukua uraia. Alirudi kwao Austria na kufa huko mwaka 1962. Kwa hiyo vitabu vya Olimpiki vinaiandika medali yake ya dhahabu upande wa Austria, na za Eyser upande wa Marekani, ingawa watu hawa walikula mkate wa aina moja, walizungumza Kijerumani kimoja na walishika miti ileile. Kilichowatenganisha ni kile kiapo cha Denver, na viapo vingine kama hicho.

Siku hizi jambo hili limetufikia mlangoni. Wilson Kipketer wa Kenya alikimbilia Denmark na kuwa bingwa wa dunia wa mita 800. Lornah Kiplagat aliiletea Uholanzi mataji. Bernard Lagat alivaa jezi ya Marekani na mwaka 2007 akashinda mita 1500 na 5000 kule Osaka. Stephen Cherono alihamia Qatar, akabadili hata jina, akawa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka 2003 huko Paris aliwashinda Wakenya wenzake wa jana katika mbio za kuruka viunzi na maji. Kila mara palikuwa na watu walioguna. Sisi Watanzania tumelelewa na habari ya John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, mguu umefungwa bandeji, kwa sababu nchi yake ilimtuma, na ni vema tuendelee kulelewa nayo. Ila isitumike kuwahukumu wengine. Akhwari alikuwa na nchi iliyomtuma. Eyser hakutumwa na serikali yoyote. Alitumwa na Concordia, na gharama yake ilikuwa nauli ya kutoka mtaani hadi uwanjani.

Lipo jambo lingine la St. Louis 1904 ambalo Mwafrika akisimulia habari hizi hawezi kuliacha, hata kama linampunguzia utamu wa ule ushindi. Katika maonyesho yaleyale waandaaji waliwaleta watu kutoka sehemu mbalimbali za dunia na kuwaweka watazamwe na umati. Miongoni mwao alikuwamo Ota Benga, kijana wa Kongo, mfupi wa kimo, aliyeletwa na Samuel Verner, Mmarekani ambaye zamani alikuwa mmisionari. Tarehe 12 na 13 Agosti, katikati ya yale mashindano ya Julai na yale ya Oktoba, walipangiwa siku zao za michezo, zilizoitwa Siku za Anthropolojia. Watu ambao hawajawahi kuona mchezo fulani wakaamriwa kuucheza, kisha matokeo yao yakatumika kuthibitisha kwamba wao ni duni. Ota Benga alirudi Kongo kwa muda, akapelekwa tena Marekani, na mwaka 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kwenye nyumba ya nyani. Wachungaji weusi wa mji huo walipiga kelele hadi akatolewa. Alifariki Virginia mwaka 1916.

Na tarehe 30 Agosti, katika ile marathoni ya vurugu, walikuwamo Watswana wawili, Len Taunyane na Jan Mashiani, waliokuwa wameletwa kwenye maonyesho kuigiza Vita vya Makaburu. Ndio Waafrika weusi wa kwanza kushindana katika Olimpiki. Mmoja akawa wa tisa, mwingine wa kumi na mbili.

Weka habari hizi kando ya habari za Eyser. Mhamiaji wa Kiel, mwenye mguu wa mti, alipewa karatasi ya pointi kama mtu mwingine yeyote, na waamuzi waliandika walichokiona. Mhamiaji wa Kongo, mwenye miguu yote miwili, alipimwa kichwa kwa utepe. Hatusemi hivi kumlaumu Eyser, ambaye hakuandaa maonyesho yale. Tunasema ili ieleweke kwamba nchi ileile, mji uleule, majira yaleyale ya joto, yaliweza kumpokea mgeni mmoja kama raia na mwingine kama kitu cha kutazamwa, na kwamba aliyeamua nani ni nani hakutazama ulemavu wala lugha, bali rangi.

Baada ya Olimpiki Eyser hakugeuka mtu mashuhuri. Hapakuwa na mikataba ya viatu wala matangazo. Alirudi kwenye vitabu vyake vya hesabu na kwenye ukumbi wa Concordia. Mwaka 1908 timu hiyo ilivuka bahari kwenda Frankfurt, kwenye mashindano ya kimataifa ya vyama vya mazoezi, na ikarudi na ushindi. Mwaka 1909 ikashinda pia mashindano ya taifa yaliyofanyika Cincinnati. Hebu fikiri hiyo safari ya Frankfurt. Wana wa wahamiaji, na wahamiaji wenyewe, wanarudi katika nchi ya Jahn wakiwa Wamarekani, wanashindana kwa michezo waliyofundishwa na Wajerumani, katika lugha ya Kijerumani, na wanashinda.

Kisha ikaja vita kuu ya 1914. Huku kwetu, majeshi ya Waingereza ya Jenerali Northey yaliuteka Neu Langenburg mwezi Mei 1916, wamisionari Wajerumani wakachukuliwa na kuwekwa kizuizini, na baadaye mji ukabaki na jina lake la Tukuyu. Marekani nayo ilipoingia vitani mwaka 1917, kuwa na jina la Kijerumani kukawa shida. St. Louis, mji wa bia na kwaya za Kijerumani, ulifuta majina ya mitaa yake. Barabara iliyoitwa Berlin ikapewa jina la jenerali wa Marekani, Pershing. Katika mji mdogo wa Collinsville, upande wa pili wa mto Mississippi, Aprili 1918 kundi la watu lilimnyonga mhamiaji Mjerumani aitwaye Robert Prager kwa tuhuma za kuipenda nchi aliyozaliwa. Watu walioapa kiapo kilekile cha Eyser, tena miaka ishirini na zaidi iliyopita, walianza kuulizwa upya wako upande wa nani.

George Eyser alifariki Denver, mji uliompa uraia, tarehe 6 Machi 1919. Alikuwa na umri wa miaka 48. Mashindano maalumu ya walemavu hayakuwapo bado. Yalianzia hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1948, na Michezo ya kwanza ya Paralimpiki ilifanyika Roma mwaka 1960. Ilipofika 2008, Natalie du Toit wa Afrika Kusini, aliyekatwa mguu wa kushoto baada ya ajali ya barabarani, aliogelea kilomita kumi katika Olimpiki ya Beijing akichanganyika na wenye miguu miwili, na waandishi wakakumbuka ghafla kumtafuta yule karani wa St. Louis.

Miti sambamba, upau na farasi bado vipo katika Olimpiki. Mchezo wa kukwea kamba ulifanyika mara ya mwisho Los Angeles mwaka 1932, kisha ukaondolewa.